Utepe wa Miezi Saba

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Chifu wetu, wazazi mlioacha maduka na mashamba, nanyi vijana mliosukumwa nyuma kwa sababu viti vya mbele ni vya wakubwa: hamjambo nyote. Mimi ni Milka Adero, mwalimu wa kompyuta hapa Katito. Leo nastaafu, kwa hiyo barua ya onyo haitanikuta ofisini.

Mheshimiwa, hizi kompyuta ishirini unazozizindua leo zilifika miezi saba iliyopita. Tukaambiwa zisiguswe mpaka mgeni akate utepe. Nawe ukawa na mazishi, mikutano, harusi, halafu mazishi tena. Tunakuelewa, wafu hawangoji. Sisi tukachora kibodi kwenye katoni, na vijana wakaibonyeza hadi herufi A ikatoboka. Wazazi, nani kati yenu alijifunza kuvua samaki kwenye beseni?

Kisha Naswa, yule msichana mwenye sweta ya kijani, akaitwa Kisumu kwa usaili wa kazi. Kila herufi alikuwa ameikariri. Alipowekwa mbele ya kompyuta ya kweli, hakujua inawashiwa wapi, maana katoni yetu haikuwa na swichi. Alirudi akaniambia, "Madam, mimi si mjinga. Ni vile hamkunipatia." Niliona aibu kweli. Chumba cha kompyuta kilikuwa hatua kumi kutoka darasani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Basi Chifu, nakiri mbele yako: Jumatatu iliyofuata niliukata utepe mwenyewe. Kwa wiki sita vijana wameingia humo kila asubuhi, na kila jioni Naswa ameufunga tena kwa fundo safi. Hiyo ratiba uliyoshika mkononi, Mheshimiwa, yenye jina lako na vyeo vyako vyote bila kosa, ameichapa yeye.

Sasa Bwana Obiero wa stoo ananinong'oneza kwamba baada ya picha chumba kitafungwa, kompyuta zisichakae. Zisichakae? Vijana wanaochakaa nyumbani je, nao tuwafunike kitambaa? Naswa ana usaili mwingine kesho asubuhi, na alasiri hii anataka kufanya mazoezi.

Nawashukuru kwa kunivumilia miaka yote hii, na leo zaidi. Mheshimiwa, mkasi huu hapa. Kata hapo kwenye fundo, pameshalegea. Na ufunguo nao huu. Usiurudishe kwangu wala kwa Obiero. Mpe Naswa mkononi, sote tukiona.