Chediel na Ukuta wa Bibi Anastazia

Kijiwe cha Ihanja kiko kando ya barabara kuu, mkabala na mashine ya kukamua alizeti: benchi refu la mbao, jiko la mkaa la Moses muuza kahawa, na maneno yasiyokwisha. Ignas wanamwita Bunge kwa sababu hakubali hoja ipite bila yeye kuichangia. Yeremia, fundi simu, ni Injinia. Michael, aliyekaa seminari mwaka mmoja akarudi, ni Padri. Wa nne ni Chediel, ambaye walimpa jina la Usukani, na hadi Jumamosi iliyopita jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Alilipatia kwenye kibanda cha gemu. Wenzake kwenye mashindano ya magari walikata kona kwa kusukuma kijiti cha pedi ya kuchezea kwa dole gumba. Yeye aliwasha sensa, kile kihisi cha mwendo kilichomo ndani ya pedi, akaishika pedi kwa mikono miwili, akawa anaiinamisha hewani: ikilala kushoto, gari linakwenda kushoto, ikilala kulia, linakwenda kulia. Viwiko juu, ulimi nje, mwili mzima unakwenda na kona. Hakuna aliyemshinda. Sifa zikamlevya hata akaanza kusema kwamba gari la kweli nalo ni hivyo hivyo tu.

Basi Jumamosi pikapu ya mzee Urbano ikawa imeziba njia ya kuingilia mashineni, na nje kuna trekta la magunia ya alizeti linangoja. Urbano alikuwa msibani Mungaa, alipanda gari la wenzake, funguo kamwachia mlinzi. Benchi zima likamgeukia Chediel: si kazi yako hiyo? Angeweza kusema hajui. Ni neno dogo tu. Hakulisema, alisimama akajikung'uta suruali.

Pikapu iliwaka, ikaruka. Mguu wake ukakandamiza mafuta, na badala ya kuzungusha usukani akanyanyua kiwiko cha kulia, akalalia bega la kushoto, akingoja gari lifuate mwili. Halikufuata. Lilikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiko la Bibi Anastazia, kibanda cha kupikia kilicho kando ya njia hiyo, ukuta wa matofali mabichi ukamwagika juu ya mafiga na chungu cha mlenda. Bibi mwenyewe alikuwa ametoka muda huo huo kuomba chumvi kwa jirani.

Tangu siku hiyo Chediel alipita nyuma ya mashine, njia ndefu yenye miiba, asiione nyumba ile. Kuomba radhi hakwenda. Kila alipojiandaa, picha ya chungu kilichopasuka ilimjia na miguu ikagoma. Leo Bunge alimfuata kwao akamkokota hadi kijiweni. Alisema wanakwenda kumtetea.

— Moses, mmiminie Usukani kahawa, Bunge aliagiza. Mtu ana mawazo.

— Msiniite hivyo, jamani, Chediel alisema.

— Tulia, kaka. Tumelichambua hili suala, Bunge akasema. Kosa si lako. Kosa ni la pikapu. Gari gani la zama hizi halina sensa? Mtu anainama, gari linabaki limekodoa taa! Angekuwa na gari la kisasa angekata kona ile kama maji.

— Wewe Bunge hujui umeme, Injinia akaingilia. Sensa haikai kwenye gari, inakaa kwenye mikono. Ukicheza sana, inahamia. Mikono ya huyu tayari ina mtandao. Alipoinama, kuna kitu kilipinda kweli, ila hatujui ni kipi. Huenda hata lile trekta lilisogea.

— Trekta lilisogea? Bunge akauliza.

— Mimi niliona tairi likitikisika.

— Mnazunguka tu, Padri alisema, akaweka kikombe chini kama anayetaka kutoa baraka. Sisi hapa tuko Bonde la Ufa. Ardhi yenyewe imeinama! Ardhi inalala huku, Chediel akalala kule, zikafutana. Matokeo yake gari likanyooka. Hiyo ni hesabu.

— Na ule ukuta, Bunge akadakia, nani aliupa ruhusa ya kukaa karibu na njia? Mimi nasema ukuta ndio uliokuwa mwendo kasi!

Wakacheka hadi benchi likalia. Chediel alitazama kahawa yake. Walipomtetea hivi aliona aibu kuliko siku ile watu walipomzunguka pikapuni wakimshangaa. Alitamani mmoja wao amtukane.

Kicheko kikakatika ghafla. Bibi Anastazia alikuwa amesimama nyuma ya Moses, ndoo mkononi, nywele zina majivu.

— Shikamoo, bibi, wakaamkia wote, vikombe vikishushwa.

— Marahaba. Endeleeni. Nimesikia mnautaja ukuta wangu.

Bibi akamtazama Injinia.

— Hebu nieleze, mjukuu wangu. Wanasema ni mchezo wa kwenye tivii. Huko mtu akigonga nyumba inakuwaje?

Injinia akashukuru kupata swali analolijua.

— Hakuna shida kabisa, bibi. Gari linatikisika kidogo, halafu linarudishwa barabarani lenyewe. Unaendelea.

— Na nyumba?

— Haivunjiki. Inabaki vile vile.

— Ehee. Na humo ndani ya hizo nyumba, anakaa nani?

Injinia akamgeukia Bunge. Bunge akatazama barabara. Padri akakuna goti. Chediel naye alitafuta jibu. Alizikumbuka nyumba zile, za ghorofa, zenye mapazia na maua dirishani. Alikuwa amezigonga mara nyingi mno, huku akicheka, na hakuwahi kujiuliza wala kuona mlango hata mmoja ukifunguliwa.

Akasimama.

— Bibi, nimekukosea. Na nimekukimbia.

— Nimekuona ukikimbia. Ile njia ya miiba naiona toka uani kwangu. Bibi akaihamishia ndoo mkono wa pili. Mimi napikia nje sasa, na upepo huu wa Singida unanizimia moto. Udongo wa matofali nimeshauloweka. Njoo ukanyage.

Wale watatu wakabaki wameinamia vikombe vilivyokwisha. Chediel akaipokea ndoo, akamfuata kupitia njia ya mbele, mbele ya watu wote.

Alikanyaga udongo mchana kutwa. Jioni Bibi Anastazia akaweka mbele yake ugali wa uwele na mlenda uliopikwa kwenye sufuria ya kuazima, akaketi upande wa pili, akala naye. Chediel alikula kichwa chini, tonge moja moja.