Nukta Tatu Chini ya Baiskeli

Zamani kitu kikiharibika watu waliulizana fundi yuko wapi; siku hizi wanaulizana jalala liko wapi. Marehemu alikuwa mtu wa zamani, na hakumwomba mtu radhi kwa hilo mpaka anafumba macho.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ofisi ya posta, mtoto wa kwanza wa tarishi na mkewe. Baba yake alipeleka barua kwa baiskeli nyeusi yenye tandiko la ngozi, mstari mwembamba wa dhahabu kwenye fremu, na kengele iliyosikika mtaa wa tatu. Baiskeli za posta zilifanana kama mapacha, kwa hiyo baba aliipindua yake akaipiga nukta tatu kwa msumari, chini kabisa, pale mhimili wa pedali unapopita, mahali ambapo hakuna anayepaangalia mpaka baiskeli ilale miguu juu. Alipostaafu aliruhusiwa kuondoka nayo. Siku hizo mtu alistaafu na kitu kilichomjua.

Marehemu alianza shule mwaka 1952. Mdogo wake, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu, alianza mwaka 1956. Kila asubuhi tarishi aliwapakia wote wawili: marehemu mbele juu ya bomba, mdogo wake nyuma kwenye keria, mfuko wa barua begani. Marehemu alipotimiza miaka kumi na mitatu aliachiwa usukani siku za Jumapili, na mdogo wake akawa abiria wa kudumu.

"Usitazame nyuma," marehemu alikuwa akimwambia. "Unaniyumbisha. Tazama mgongo wangu."

Marehemu alimaliza darasa la nane mwaka 1959. Mdogo wake aliishia la nne kwa sababu ya kifua, akabaki nyumbani na kinyongo. Marehemu alipoanza kazi katika karakana ya reli mwaka 1962, vipuri vilikuja vimefungwa kwa magazeti ya zamani. Wenzake waliyatumia kufutia mafuta. Yeye aliyafungua moja moja, akayanyoosha kwa kiganja, akayaleta nyumbani kila Jumamosi. Kila neno ambalo mdogo wake anajua kuliandika, yakiwemo haya, lilitoka kwenye magazeti yale, mengine yakiwa na alama ya mviringo ya beringi katikati ya habari.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1969 na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Walifahamiana alipoitwa kutengeneza kanyagio la cherehani yake. Alilitengeneza mara nne katika mwezi mmoja. Mara ya tano baba wa binti alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Kijana, hebu niambie ukweli. Unatengeneza cherehani au unaiharibu?"

"Ninatengeneza, mzee. Ila polepole."

"Basi sema na binti haraka. Wateja wanasubiri nguo."

Mkewe ndiye aliyemfundisha kushona ngozi kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, kiasi kwamba uzi mmoja ukikatika mwingine unashikilia. Marehemu alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo ndoa yenyewe, na kwamba sindano iliyochoma zaidi ilikuwa ya upande wa pili. Mkewe hakukataa. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1971 alihamishiwa karakana ya mbali, safari ya siku mbili kwa treni. Alikuwa huko baba yake, yule tarishi, alipofariki, tarehe 2 Juni 1979. Yaliyofuata yanasomwa hapa nyumbani, mbele ya kaburi, kwa sababu bila hayo maisha ya marehemu hayaeleweki.

Wiki tatu baada ya mazishi ya baba, mdogo wake aliyeachiwa nyumba alimpa mnunuzi wa vyuma chakavu ile baiskeli. Ilikuwa na kutu, tairi zimekwisha, nayo ilijaza ukumbi. Alipewa badala yake redio mpya ya plastiki, nyekundu. Marehemu alikuja mwezi wa saba, akaweka begi chini, akatazama ukutani palipokuwa pakiegemezwa baiskeli.

"Ya baba iko wapi?"

"Nimeibadilisha na hii."

Marehemu aliitazama redio. Kisha akauliza, "Inashika stesheni ngapi?"

"Nne."

"Haya. Washa tusikie."

Hakulitaja tena jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Redio haikufika miaka miwili.

Karakana ya reli ilipofungwa mwaka 1984, alirudi, akafungua chumba cha kutengeneza baiskeli karibu na kituo cha maji. Humo ndimo alimopewa jina la Spoku, ambalo watoto wengi waliokuja leo walidhani ndilo alilopewa na wazazi. Wote waliofika pale wanakumbuka desturi yake. Mteja alipoingia, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza kimeharibika nini, Spoku aliipindua baiskeli miguu juu, akafuta tope chini ya mhimili kwa kidole gumba, akainama kuangalia. Wengine walidhani anatafuta nyufa. Wanafunzi wake waliiga, na mpaka leo wapo mafundi katika mji huu wanaopindua na kufuta bila kujua wanatafuta nini. Mdogo wake alijua. Alikuwa akipita pale akiona kile kidole kikifuta, anavuka upande wa pili wa barabara.

Miaka ilipita na kazi ikabadilika. Zikaja baiskeli za kwenye boksi, ambazo ukikaza nati mara mbili inabaki mkononi. Fundi akawa mtu wa kutoa kipande na kuweka kipande. Marehemu hakulalamika, kulalamika alimwachia mdogo wake. Yeye aliendelea kupindua.

Tarehe 19 Februari 2018 alipita uani kwa dobi mmoja kuchukua shuka za mkewe, akaona kamba ya nguo imefungwa kwenye fremu ya baiskeli iliyosimamishwa wima, uma wake wa mbele umezikwa kwenye zege. Alilala chini kwenye maji ya sabuni, akiwa na miaka sabini na mitatu, akafuta, akazikuta nukta tatu.

"Mzee, umeanguka?" dobi aliuliza.

"Hapana, mama. Nimefika."

"Umefika wapi? Hicho ndicho kinachoshikilia kamba yangu. Ukikigusa, shuka za mkeo zitakuwa za kwanza kulala kwenye tope."

Hakubishana. Alimchomelea nguzo ya chuma yenye mikono miwili, akaisimika kwenye zege jipya, akangoja siku nane zege likomae. Kisha akahamisha kamba kwa mkono wake mwenyewe, na ndipo akaanza kuvunja lile la zamani kwa patasi.

Mwaka huo huo mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Daktari alimweleza kwamba ni maradhi ya mishipa ya fahamu, hayaponi, na kwamba mikono ilikuwa na miaka miwili, pengine mitatu, ya kazi ndogondogo. Marehemu alishukuru, akarudi chumbani, akapanga kazi kwa kufuata mkono: kinachotaka utulivu mwingi kitangulie, cha nguvu kifuate.

Kwanza alikata nembo ya mbele, bahasha ndogo ya shaba isiyozidi sanduku la kiberiti, kutoka kwenye bamba la kitasa alilookota siku posta ya zamani ilipobomolewa. Aliifuata mistari ya mkunjo kwa tupa nyembamba kama njiti. Halafu akashona tandiko. Mkewe alimtungia uzi kila asubuhi, maana tundu la sindano lilikuwa limeshamkataa. Vishikio vya usukani alivichonga kutoka mguu wa kitanda cha mama yao. Magurudumu aliyasuka spoku moja moja, thelathini na mbili mbele, arobaini nyuma, akizigonga kwa ukucha na kusikiliza, kwa kuwa spoku iliyokaa sawa hulia sauti moja na jirani yake. Iliyolia tofauti aliilegeza akaanza upya. Kuna gurudumu alilolisuka mara sita.

Lakini lilibaki jambo moja ambalo halikukubali kutangulizwa. Mstari wa dhahabu hauchorwi mpaka rangi nyeusi ipakwe, ikauke na kusuguliwa. Kazi iliyotaka mkono mtulivu kuliko zote ndiyo iliyokuja mwisho, mwaka 2022, mkono ukiwa hauwezi tena kubeba kikombe.

Muuza rangi alimpa ushauri bure. "Mzee, kuna stika za dhahabu. Unabandika, dakika tano, umemaliza."

"Na mvua ikinyesha?"

"Unabandika nyingine."

Marehemu alinunua brashi.

Mwezi wa pili mkewe alimfuata shemeji yake nyumbani. Mdogo wa marehemu hakuwa amekanyaga chumba kile tangu fremu irudi. Kila Jumapili alipata udhuru: mara mgongo, mara mvua, mara mgeni asiyefika.

"Shemeji, kaka yako ameuchora ule mstari na kuufuta mara kumi na saba," mkewe alisema. "Hali chakula vizuri. Nenda kamwambie aache."

"Hatanisikiliza."

"Najua hatakusikiliza. Nenda hivyo hivyo."

Alimkuta amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia ameubana katikati ya magoti kama mtu anayemshika kuku. Baiskeli ilikuwa mbele yake bila magurudumu, nyeusi, inang'aa. Marehemu hakugeuka.

"Umekuja kunizuia au kunisaidia?"

"Nimekuja kuona."

"Basi ona. Ukimaliza kuona, shika fremu."

Alikuwa ameshapata njia. Alibana brashi kwenye jiriwa, nywele zake zikitazama juu, akaweka mbao mbili zilizopakwa sabuni ili fremu, ikiwa imelazwa ubavu, iteleze juu yake. Brashi ingetulia, chuma ndicho kingetembea.

"Hiyo si kazi ya mkono," mdogo wake alisema, kwa kuwa hata siku ile hakuweza kuzuia ulimi. "Hiyo ni kazi ya jiriwa."

"Jiriwa ni mkono wangu wa tatu, na ndio pekee uliobaki na akili. Vuta. Usisimame katikati, na usipumue."

"Nina miaka sabini na mbili. Nitakufa."

"Utakufa baadaye. Vuta."

Mdogo wake alivuta. Mstari ulitokea chini ya bomba kama uzi unaotoka kwenye bobini ya cherehani, mwembamba, umenyooka. Alipofika katikati, alizidiwa. Maneno yaliyokaa kifuani tangu mwaka 1979 yalitoka yenyewe.

"Kaka, ile redio."

Na fremu ikayumba, kiasi cha unywele.

Wote wawili waliona. Marehemu alinyoosha kidole. "Endelea kuvuta. Nimekwambia usisimame." Alivuta mpaka mwisho. Kisha mdogo wake akachukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa ili afute, macho hayaoni vizuri, na marehemu akakishika kile kitambaa kwa mkono wake unaotetemeka, kikawa kinatetemeka mikononi mwa wote wawili.

"Acha."

"Umepinda, kaka. Nimekuharibia tena."

"Umepinda hapo uliposema. Patabaki hivyo." Akakitupa kitambaa chini. "Halafu ulinidanganya. Ulisema stesheni nne. Mimi nilisikia tatu tu."

Mistari mingine minne waliichora siku zilizofuata, nayo yote imenyooka. Baiskeli ipo hapa leo, imeegemezwa ukutani mwa nyumba, na anayetaka kuuona ule mstari uliopinda autafute kwenye bomba la juu, upande wa kushoto.

Maradhi yalizidi mwaka 2023. Miguu ilikataa, kisha koo likaanza kukataa chakula. Alilazwa Jumatatu, tarehe 6 Novemba, kwa homa ya mapafu, akafariki Alhamisi, tarehe 9, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, fundi cherehani, ambaye bado ana cherehani ile na kanyagio lile. Watoto wanne, mwalimu, dereva, mkulima na muuguzi. Wajukuu tisa, ambao wawili wanajua kusuka gurudumu kwa kusikiliza. Wanafunzi wa kazi wasiohesabika. Na mdogo wake.

Mdogo wake alimwona kwa mara ya mwisho Jumapili, tarehe 5 Novemba. Marehemu alitaka kutoka. Walimwinua wakamkalisha kwenye keria, miguu ikaning'inia, na mdogo wake akashika usukani akaisukuma baiskeli akitembea, polepole, mpaka mahali ilipokuwa posta, ambapo sasa wanauza simu, na kurudi. Marehemu alikuwa akigeuka huku na huku, akisalimia watu.

"Usitazame nyuma," mdogo wake alimwambia. "Unaniyumbisha. Tazama mgongo wangu."

"Ninautazama. Umepinda kuliko mstari wako."

Walimshusha, wakamweka kwenye kiti mlangoni. Mdogo wake aliaga, akaondoka. Alipofika kona aligeuka nyuma, kinyume cha alivyofundishwa. Marehemu alikuwa bado mlangoni, mkono wa kulia uko juu, unatikisika. Mpita njia angesema ni ule ugonjwa. Mdogo wake alijua anapungiwa, naye akapunga.

Apumzike kwa amani, na mikono yake itulie.