Mlango wa Chumba cha Dobi

Basi letu lilikuwa linakwenda bandarini, ambako meli kuukuu ingevutwa siku hiyo ikakatwe kuwa chuma chakavu. Mbele yangu, mzee aliyekuwa fundi wa injini wa meli hiyo alimgeukia mama wa kiti cha pembeni.

"Tulivusha watu bahari miaka ishirini, mama. Maharusi, wahamiaji, magunia ya barua. Wakaja kuigeuza ya starehe, wakaipaka rangi kama keki. Meli yangu ilikufa siku hiyo."

"Ikafa wapi, baba? Mimi nimefua mashuka humo miaka kumi na tisa. Starehe ilikuwa juu, mimi nilikuwa chini."

Fundi alimtazama kama mtu anayesikia habari za mke aliyeachana naye.

"Haya," mama akasema, "mlango wa dobi ukikwama, enzi zenu mliufunguaje?"

Mzee akakohoa. "Kwa nyonga. Ya kushoto. Kulia bomba la mvuke lingekuunguza."

"Basi meli ni ileile."

"Mlango ndio uleule. Meli siyo."

Tulipofika getini, mlango wa basi ukagoma. Kabla kondakta hajainuka, nyonga mbili za kushoto zikaupiga kwa pamoja. Ukafunguka, na wawili hao wakashuka na ubishi wao.