Ndimu ya Ndizi na Mbegu ya Ng'ombe

Wamama wenzangu, mwenyekiti amesema niwe mfupi. Nyamazeni huko nyuma, hili linawahusu.

Mzee wangu alipofariki, shemeji aliniwekea mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado, kihambani kwangu kwenye migomba. Majani nikate mimi, maziwa na mbolea viwe vyangu, ndama wa kwanza awe wake. Migomba ilikuwa imekonda kwa kukosa mbolea, wajukuu wanakunywa chai ya rangi. Tegemeo langu likawa yule ng'ombe.

Akaingia joto, akawa anataka dume. Nikamwita mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume zilizogandishwa. Hakushika mimba. Akarudia, hakushika. Ndugu zangu, nawaambia, kila alipolia bandani nilijua joto limerudi.

Shemeji akaja. "Huyu ni tasa. Safari nyingine asiposhika, nampeleka kwa mchinjaji pale sokoni Kwa Sadala."

"Na mimi je?"

"Wewe utakula supu."

Chekeni tu. Mimi sikucheka.

Ninyi kikundi ndio mlionitafutia mtaalamu mwingine, binti kutoka Moshi mjini. Akapanda mlimani na mtungi wake wa mbegu. Mimi nipo jikoni, ndizi nimeshamenya. Mnajua kwetu mgeni hagusi kazi kabla hajatia kitu mdomoni. Yule wa kwanza alikuwa akiyeyusha mrija wa mbegu kwenye maji ya vuguvugu, namshika mkono, "Kula kwanza, baba," naye anakula.

Huyu nilipomkaribisha akagoma. "Shikamoo bibi. Chakula baadaye."

"Marahaba. Kwenu hamlishi wageni?"

Akachungulia beseni. "Bibi, ndizi umezitia ndimu ya nini?"

"Zisiwe nyeusi. Wewe hujui kupika?"

"Basi mbegu nayo ni hivyo hivyo. Ikigandishwa na kuyeyushwa inachakaa, kama ndizi iliyomenywa ikipigwa na hewa. Hizi nilizoleta zilitiwa dawa ya kinga kabla ya kugandishwa, ndiyo ndimu yake. Lakini ndimu inachelewesha tu, haizuii. Mrija ukishayeyuka, haumngoji mtu ale."

Nikamkumbuka yule baba, sahani magotini, mrija umelala kwenye kikombe. Nikafunika beseni. 

"Twende bandani," nikamwambia.

Akapandikiza, akanawa, ndizi zikaiva, ndipo akala. Akaongeza na sahani ya pili. Alisema hawezi kuniahidi kitu, nami nikampenda kwa hilo. Lakini safari hii joto halikurudi, mimba ilishika.

Ndama alipozaliwa, jike, shemeji alisimama mlangoni pa banda akajikuna kichwa. "Haya, shemeji. Supu imetukimbia." Ndama akiacha kunyonya atamchukua, ndivyo tulivyokubaliana. Wajukuu sasa wanakunywa chai ya maziwa, na migomba imenyanyua kichwa.

Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi, namshukuru yule binti. Yule baba wa kwanza msimseme vibaya, sahani nilimpa mimi.

Nanyi wenye ng'ombe, mwenye mtungi akifika, mwonyesheni banda kwanza. Ndizi zikipoa, tutazipasha.