Sufuria Lenye Kitambaa cha Kijani

Wasikilizaji wapendwa, mliotoka shambani na mnaobandika chai, karibuni. Jioni hii tunamkumbuka Bibi Efrazia Mika wa Kwemkuyu, juu kidogo ya Bumbuli. Bibi Efrazia alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa Mlutheri, mwimba kwaya wa sauti ya pili, na fundi cherehani. Cherehani ilikuwa moja tu. Ilishona sare za kwaya, ikashona na kanzu za watoto wa madrasa. Kanzu za Idi ziliwahi kutoka na vifungo vya kwaya. Watoto walivaa, siku ikapita.

Lakini watu wa Kwemkuyu wakimtaja Bibi Efrazia, hawaanzi na cherehani. Wanaanza na sufuria.

Sufuria lenyewe ni lile kubwa la shughuli, linalobebwa na watu wawili likijaa. Alilinunua mwaka 1983 pamoja na jirani yake, Bi Mwanaidi, ambaye wengi mnamjua kama Mama Jafari. Bi Mwanaidi ni Mwislamu. Nyumba yake iko juu, ya Bibi Efrazia iko chini, katikati kuna matuta ya karoti. Walikubaliana hivi: sufuria litakaa juu, kwa Mama Jafari. Kila Krismasi litashuka. Jafari, mwanawe, atashuka nalo, na yeye ndiye atakayechinja mbuzi wa Krismasi, ili majirani wote wale bila wasiwasi. Kwenye sikio la sufuria walifunga kitambaa cha kijani. Maana yake, wasikilizaji, ilikuwa moja: humu haingii nyama ya yule mnyama ambaye Mwislamu hamli. Nitamwita mdudu, kwa sababu saa hizi kuna watu wako mezani.

Idi ikifika, Bibi Efrazia alikuwa wa kwanza kupanda mlima na kisu chake cha kumenyea viazi. Mwezi wa Ramadhani alipeleka magimbi ya futari. Ila aliyapeleka mabichi. Kwake mdudu alipikwa mara mojamoja, na hakutaka jirani yake ale huku anawaza. Shikeni hilo la magimbi mabichi, tutalirudia.

Sasa tuje Krismasi ya mwaka 2014. Binti yake, Scholastica, alikuwa ameolewa mwaka huohuo na kijana wa Moshi anayeitwa Alen. Alen alikuja ukweni kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba. Kijana mzuri, mchapakazi, mwenye hamu ya kupendwa na mama mkwe. Hamu hiyo ndiyo iliyomponza. Alibeba kilo nne za mdudu kutoka kwao.

Mchana huo Bibi Efrazia alikuwa kanisani kupamba. Scholastica alikuwa amekwenda kusuka nywele. Jafari alikuwa ameshateremsha sufuria asubuhi. Alen akabaki peke yake na jiko. Akatazama vyombo, akaliona lile kubwa linalong'aa, lenye utepe wa kijani. Mwenyewe anasimulia hadi leo: "Niliona limepambwa. Nikasema hili ndilo la Krismasi."

Bibi Efrazia alisikia harufu akiwa bado kwenye matuta ya karoti. Aliingia jikoni, akasimama.

"Shikamoo mama! Karibu uonje."

Hakuitikia. Na mnajua sisi huku, shikamoo isipoitikiwa, kuna jambo. Alipomweleza, Alen alikaa chini kwenye kuni.

"Mama, naliosha sasa hivi. Nalisugua hadi liwe jipya. Hakuna aliyeona. Nani atajua?"

Ni kweli, hakuna aliyeona. Kesho yake walialikwa watu zaidi ya arobaini, nusu yao Waislamu. Akinyamaza, watakula na kushukuru. Akisema, huenda wasile kwake tena, hata Mama Jafari, mwenzake wa sufuria kwa miaka thelathini na moja. Bibi Efrazia aliwaza hayo yote hapohapo jikoni, kitenge cha kanisani bado kiunoni.

"Nitajua mimi," alisema. "Kesho Mama Jafari atakuwa anakula, na mimi namtazama mdomoni. Siwezi."

Akapanda mlima. Mama Jafari alikuwa kibarazani anachambua mchele wa pilau ya Krismasi hiyohiyo. Akamwekea kigoda. Bibi Efrazia akakataa kukaa.

"Mama Jafari, sufuria limeingia mdudu. Mkwe wangu amepika. Hakujua, lakini amepika."

Bi Mwanaidi aliendelea kuchambua mchele. Alitoa punje ya jiwe, akaitupa. Akatoa nyingine. Ameniambia kwamba siku hiyo alikasirika hasa, na kwamba mchele ule haukuwahi kuwa msafi vile.

"Huyo mkwe wako ana macho?"

"Anayo."

"Na mikono?"

"Anayo."

"Basi kesho tutaitumia hiyo mikono."

Mwalimu Abubakari wa madrasa aliulizwa. Akasema sufuria lioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Asubuhi ya Krismasi, watu walipotoka ibadani, walimkuta Alen mtoni, suruali imekunjwa magotini, shati la sikukuu limelowa. Mama Jafari amesimama ukingoni anahesabu kwa sauti. Watoto wa dini zote wanaitikia. Alipofika tano, mtoto mmoja akapiga kelele kuwa ni nne. Mama Jafari akasema haya, nne. Mkwe anaoshaje chombo mbele ya mama mkwe na kijiji kizima? Aliosha.

Mchana, Bibi Efrazia aliwasimamisha wageni uani, akawaambia kila kitu kabla ya sahani ya kwanza. Aliwaambia pia kuwa leo sufuria lile limepumzika. Pilau imepikwa kwenye vyombo vya Mama Jafari, na mpishi ni Mama Jafari mwenyewe. Wengi walikaa. Si wote. Mzee Selemani alichukua bakora yake, akaondoka, na ilipita miaka mitatu kabla hajala tena kwenye ule ua. Bibi Efrazia hakumlaumu.

Jioni Jafari aliinama kubeba sufuria alirudishe juu. Mama yake akamzuia.

"Liache hapa."

"Kwa Mama Schola?"

"Kwa Mama Schola. Nimelichunga miaka yote. Mtu aliyepanda mlima kuja kujisema mwenyewe, namchungia nini?"

Tangu siku hiyo sufuria lilikaa chini. Na Ramadhani iliyofuata, magimbi ya Bibi Efrazia yalipanda mlima yakiwa yameiva, na nazi juu yake.

Wiki iliyopita sufuria hilohilo lilipika chakula cha msiba. Baada ya mazishi, Scholastica na Alen walilibeba hadi kwa Bi Mwanaidi.

"Mbona mmelileta?"

"Aliyekuwa analitunza hayupo, mama," alisema Scholastica.

Bi Mwanaidi alikitazama kitambaa cha kijani, kimechakaa. Akakifungua. Akachana upindo wa mtandio wake wa kijani, akafunga kingine, akakaza fundo kwa meno.

"Lirudisheni chini. Na abebe Alen. Huyu analijua vizuri kuliko sisi wote."

Alen alilibeba peke yake, kichwani, hadi chini.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Scholastica, Alen na wajukuu, wanakwaya wenzake, na Bi Mwanaidi, ambaye naye ni mfiwa. Mungu ampumzishe Bibi Efrazia. Nawe unayetusikiliza, ukiepua chakula jioni hii, tazama vyombo vyako. Mtaje jirani mmoja wa dini nyingine anayeweza kula humo bila kuuliza. Kama hayupo, kesho kuna mlima wa kupanda.