Fundi Muoki na Madigadi ya Mwisho

Ndugu, majirani na marafiki, kabla ya kueleza alikotoka mpendwa wetu Muoki Maingi, familia inakiri kwamba kuna jambo moja imeshindwa kulielewa, nalo ni kwa nini mtu ambaye hakuwahi kujifunza kuendesha gari, mwenye mke na watoto wawili, alijitwika kazi ya kufufua gari la mbio lenye viti viwili tu. Mkewe, Kamene, alimuuliza mara nyingi, naye kila mara alicheka na kuomba chai.

Muoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Wamunyu, Machakos, mwana wa mchonga vinyago mzee Maingi, akasoma shule ya msingi kijijini hadi mwaka 1976, na jioni alikaa na baba yake akijifunza kuchonga mti ungali mbichi, kwa sababu ukiwa mbichi ndipo unapoitii patasi. Mwaka 1980 alikuja Nairobi, akajifunza kunyoosha bodi za magari katika gereji moja ya Kariobangi, na hakuiacha kazi hiyo mpaka mwili ulipomkatalia.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na Kamene hapa Dandora, wakajaliwa Muthoki mwaka 1989 na Mwendwa mwaka 1993, na katika ploti yao Kamene alianika nguo upande mmoja huku mumewe akigonga mabati upande wa pili, kelele zikimkera mmoja na nguo zikimzibia mwanga mwingine.

Julai 2012, jirani yake Abdiqadir Awale, muuza spea, alimpeleka kuona Datsun 240Z ya mwaka 1972 iliyoozea nyuma ya bohari lililokuwa likibomolewa, sakafu imelika, kuku wakitaga ndani. Muoki aliileta nyumbani kwa mkokoteni, vipande vipande. Injini aliwaachia mafundi wa injini, lakini bodi hakumwachia mtu, wala hakutaka puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ambao sumaku haiushiki, akisema gari la puti ni gari lililopakwa poda. Madigadi za gari hilo, yale mabati yanayofunika magurudumu, zilikosekana kabisa, kwa hiyo alichonga kalibu ya mti, akagonga bati juu yake. Alichonga mti mbichi, kama alivyofunzwa nyumbani, mti ukakauka na kusinyaa, madigadi ya kwanza ikatoka fupi, na Abdiqadir akalizunguka gari akauliza, "Fundi, hili linafunga Ramadhani upande mmoja?" Muoki alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachonga upya na kuuacha mti ukauke kwanza.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, na wakati huo ilikuwa imebaki madigadi moja tu, ya mbele kushoto. Okumu, fundi mwenzake wa miaka mingi, alitamani rafiki yake alione gari likiwa zima, akamsihi, "Mzee, tupige puti tumalize, nani atajua?" naye, kwa sauti kidogo iliyobaki, akajibu, "Mimi."

Alituaga hospitalini alfajiri ya Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, Kamene akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa Kariobangi, kanisa, na majirani wa dini zote waliotupikia na kukesha nasi.

Katika kikao cha familia, kaka yake, Kyule, aliomba gari lifunikwe na nyundo zinyamaze mpaka matanga yaishe, na hakukosea, maana ndivyo tulivyolelewa. Kamene alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, hizo kelele nimezilalamikia tangu niolewe, na sasa nyumba imenyamaza sipati usingizi." Ikaamuliwa madigadi igongwe matangani, kwa bati, juu ya kalibu ya mti aliyoiacha tayari. Abdiqadir alipita mlango kwa mlango kuwaomba majirani radhi, Okumu akashika nyundo, Muthoki akalishikilia bati, na jana jioni Kyule mwenyewe akakaza nati ya mwisho. Madigadi hiyo haijapakwa rangi, mtaiona mkitoka, na asiyeamini aje na sumaku.

Basi pumzika, Fundi Muoki, Mungu akupokee.