Gesi Ndani ya Geleira ya Atija

— Nirudishie chupa zangu, Hamido.

— Zako tangu lini? Sasa hivi umesema si zako.

— Si zangu, ni amana. Ndiyo maana nazitaka.

— Amana ya nani?

— Ya mwenyewe.

— Mwenyewe ni sisi, dada Atija. Mimi, wewe, na hawa waliokaa hapa. Hiyo ni gesi yetu.

Atija alikuwa ameshainua birika la kahawa. Akalirudisha juu ya makaa bila kummiminia mtu. Tangu aanze kuuza kahawa mahali pale hajawahi kuitwa mwizi, na asubuhi ile aliona neno hilo limo midomoni mwa wanaume watatu, limebaki kutemwa tu.

Kijiwe chenyewe kilikuwa mbele ya karakana ya Hamido, fundi wa mageleira, yaani majokofu, mjini Mocímboa da Praia, kwenye njia ya kushukia sokoni. Benchi lao lilikuwa geleira kuukuu iliyolazwa ubavu, na meza yao geleira nyingine isiyo na mlango. Hamido mwenyewe walimwita Mota, kwa kuwa kila kilichoharibika mjini, hata ndoa ya mtu, yeye husema kasoro iko kwenye mota. Wa pili ni Rafique, jina lake la kijiweni Ministro, yaani Waziri, ambaye hakosi mkutano wowote wa serikali na hurudi na maneno ambayo serikali haikuyasema. Wa tatu ni Amade, anayeitwa Rádio, ambaye hana habari yake mwenyewe, ila ya mwenzake huirudia kwa sauti kubwa zaidi. Atija alikuwa na vikombe sita vidogo vya ua la buluu, vyote sare, na beseni moja la kuvisuuzia. Alikuwa pia na desturi moja ambayo kila mteja aliijua: kikombe cha kwanza cha kila birika jipya ni cha mama yake, Bi Zuleica, anayekaa ng'ambo ya njia. Hakuna anayekunywa kabla kikombe hicho hakijavuka.

Ugomvi ulianzia kwenye geleira ya Atija, ile nyeupe ya kugandishia barafu na samaki wa kuuza. Ilikuwa imezima siku moja kabla, ikaletwa kwa mkokoteni hadi kwa Hamido pamoja na vilivyomo, kwa sababu kule nyumbani hapakuwa na pengine pa baridi. Hamido alipoifungua kuitazama, chini kabisa, chini ya mifuko ya samaki, akakuta kifurushi cha plastiki nyeusi. Ndani yake mlikuwa na chupa sita za kioo cha kahawia, ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi. Karatasi za majina zilizobandikwa chupani zilikuwa zimeloa barafu na kubanduka, zimebaki vipande vipande.

Atija aliwaeleza kwa ufupi, na kwa ukweli. Mwaka uliopita, meli za watafuta gesi zilipojaa huku kwetu na wageni wakawa wanagombania vyumba, alimpangisha mzungu mmoja chumba cha uani. Mtu mpole, hana makelele. Alikuwa akivuta kijichuma kinachotoa wingu zito, lina harufu ya embe bivu. Siku ya kuondoka akamkabidhi zile chupa. Kireno chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha. Alisema *frio*, baridi, akagusa geleira. Alisema *escuro*, giza, akafumba macho kwa kiganja. Akanyosha vidole vitatu: miaka mitatu. Akasema *não abrir*, usifungue, akaondoka zake, na mpaka leo hajarudi.

— Na hukumwuliza ni nini, Rafique alisema.

— Niliuliza. Alicheka tu, akanipa mkono.

Rafique aliuweka mguu juu ya mguu. Aliwakumbusha wenzake ule mkutano wa ukumbini, siku alipokuja bwana wa kofia ya chuma akachora ubaoni. Bwana yule alisema gesi iliyoko chini ya bahari yetu itatolewa, itapozwa kwa baridi kali mpaka igeuke maji, kisha itapakiwa melini na kupelekwa mbali. Hayo hakuna aliyeyabisha, wote walikuwepo. Basi sasa wajiulize, alisema Ministro: mtu wa gesi, chupa za maji ambayo si maji, na sharti lake kubwa ni baridi. Kwani kuna haja ya kwenda shule kulijua hilo?

Amade akadakia kwamba bwana wa kofia alisema pia kuwa maji yale yakipata joto hurudi kuwa gesi na hufura mara mia sita. Mara mia sita, alirudia, akazitazama chupa sita mezani, na midomo yake ikaanza kupiga hesabu. Hesabu ilipomshinda, alisema bairro lote, mtaa mzima, litaruka, kuanzia hapa hadi msikitini, na kwamba yeye mkewe anampeleka Macaloe kwa wakweze leo hii hii. Kisha akasogea mwisho wa benchi, kama vile hatua mbili zingemwokoa.

Hamido ndiye aliyewazidi wote. Yeye gesi anaijua, alisema, ndiyo anayoijaza kwenye mageleira kila siku. Geleira ya Atija haikufa kifo cha kawaida. Ina gesi yake, ndogo, ya nyumbani. Imelazwa pamoja na gesi kubwa ya baharini, na gesi mbili haziwezi kulala chumba kimoja. Zimegombana, mota ikaumia.

— Mwezi uliopita uliitengeneza wewe, Atija alimwambia. Ukasema haitakufa tena.

— Sikujua umelaza nini ndani.

Hapo Rafique hakucheka. Sauti yake ilishuka, na Atija akajua kuwa sasa anasema linalomuuma kweli. Shamba la mama yake limepigwa vigingi vyenye utepe mwekundu, hakuna aliyekuja kueleza. Yeye ameandikisha jina lake kutafuta kazi mara nne, hajaitwa hata kufagia. Kila siku wanaambiwa wasubiri, utajiri uko chini ya maji, uko mbali. Kumbe haukuwa mbali. Ulikuwa chini ya samaki wa Atija, na Atija akanyamaza.

— Wamezipita nyumba zetu zote wakakuchagua wewe, alisema. Walijua wewe utawatunzia.

Neno lile lilimchoma Atija. Kutunza amana ndiko alikofundishwa tangu mdogo. Mtu akikupa kitu ukiweke, unakiweka, hukichungulii. Angeweza kumjibu Rafique maneno mazito, lakini alichukua ndoo akaenda kisimani nyuma ya karakana, maana maji ya beseni yalikuwa yamechafuka na machozi yake hakutaka wayaone.

Aliporudi aliwakuta wameketi mahali pao. Kulikuwa na harufu ya kiberiti hewani. Vikombe vyake vilikuwa vimepangwa kifudifudi kwenye sinia, vizuri kuliko alivyoviacha, akadhani wameona haya na wamemsaidia kuvisuuza. Moyo wake ukalainika kidogo. Alipika birika jipya, akaongeza tangawizi, akamimina kikombe cha kwanza na kukivusha njia. Bi Zuleica alikuwa ndani, anasuka ukili, na hupenda kahawa yake ipoe kwanza. Atija akakiweka kizingitini, akampigia hodi, akarudi kuwahudumia wengine.

Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kummiminia Rafique wakati Luzia alipofika. Luzia alikuwa binti wa kutoka mji wa Mueda, aliyehamishiwa huku kazini, kwenye chumba cha dawa cha hospitali, na sasa ndiye mpangaji wa chumba kile kile cha uani. Alikuwa na wiki mbili tu mjini, bado anasalimia kila mtu njiani. Aliwaamkia, akamwuliza Atija habari za Bi Zuleica, kisha macho yake yakaangukia mezani.

— Mama Atija, hizi ni za nani?

Wote watatu walijibu kwa pamoja, na Luzia aliposikia gesi, na mara mia sita, na ugomvi wa gesi mbili, alijikaza asicheke. Aliomba ruhusa. Aliishika chupa moja kwa ncha ya kanga yake, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akakiunganisha kipande cha karatasi na kingine kwa kucha. Alisoma polepole, akarudia. Uso wake ukabadilika, na hakuna aliyeona tena kicheko ndani yake.

— Hii si gesi, alisema. Ni nikotini. Ni ile sumu ya tumbaku, imekamuliwa ikabaki yenyewe. Inachanganywa kidogo kidogo sana na maji mengine, ndiyo yale wanayovuta kwenye vile vijichuma.

Amade alipata pumzi. Kama ni tumbaku, alisema, basi hakuna neno. Bibi yake ameweka tumbaku mdomoni miaka sitini na amezika waganga watatu.

— Bibi yako aliweka jani, kaka. Hapa kwenye chupa moja pana tumbaku ya mwaka mzima. Kijiko kimoja cha hii kinamwua mtu mzima. Hata ikikumwagikia mkononi inapita kwenye ngozi.

Aliwaeleza kwamba wavutaji wengine huinunua nyingi na kuilaza kwenye baridi na giza ili isiharibike, wakiogopa kwamba serikali za kwao zitaipiga marufuku. Hilo la baridi yule mzungu hakukosea. Lakini kitu kama hiki, alisema Luzia, kinakaa peke yake, kwenye sanduku lenye kufuli, kimeandikwa sumu kwa lugha ya wenye nyumba. Hakikai chini ya samaki wa watu.

Atija alikaa chini kwenye kigoda chake. Mwezi kwa mwezi alikuwa akiingiza mkono mle kutoa barafu, na barafu ile wamekunywa watoto wa shule ya jirani, wamekunywa maharusi. Alizitazama chupa kama mtu anayemtazama mgeni aliyemlisha mwaka mzima, kumbe alikuwa na kisu.

— Neno la baridi alilijua, alisema. Neno la giza alilijua. Usifungue, alilijua. Neno la sumu ndilo lililomshinda?

Rafique alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mkutano wa kuutaja. Alisema tu, taratibu, kwamba wanatuwekea vyao majumbani mwetu na hawatuambii ni nini, na mara hii hakumtazama Atija kwa shari. Atija aliona ni hasira ile ile, ila sasa imepata mlango wake.

Luzia alikuwa bado ameshika chupa. Aliigusa shingo yake kwa kidole kilichofunikwa kanga.

— Hii utepe wake umekatwa. Imefunguliwa.

Atija akasema haiwezekani, amezitunza zote kama alivyopewa. Lakini Hamido alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta mikono yake kwenye suruali, anaifuta tena.

— Da Atija alipokwenda kisimani, alisema. Tulitaka kuhakikisha. Gesi ingewaka. Nilimimina kidogo, nikawasha kiberiti. Haikuwaka. Nikaimwaga pale ukutani.

— Ulimimina kwenye nini?

— Kwenye kikombe.

— Ukakiosha?

— Alikuwa anarudi. Nilikifudikiza na vingine.

— Kanawe mikono kwanza, kaka, kwa sabuni, alisema Luzia. Kikombe kipi?

Hamido alitazama sinia. Ua la buluu, ua la buluu, ua la buluu. Rafique alikuwa na kimoja mkononi, kimejaa, akakiweka chini kama kinachoma. Amade alikuwa ameshakunywa chake chote. Alijishika koo, akasema anaona kizunguzungu, kisha akasema hapana, kisha akasema labda. Hamido alinyosha kidole kwenye kikombe kimoja, akakirudisha, akakipeleka kwenye kingine. Luzia aliuliza mara ya pili, kwa upole ule ule.

Atija hakuwatazama watu. Alihesabu vikombe. Cha Amade kimoja. Cha Rafique, cha pili. Kwenye sinia vitatu. Jumla vitano, kati ya sita.

Aliruka beseni. Leso ilimdondoka katikati ya njia, mwenye baiskeli akamkwepa na kumtukana, hakusikia. Nyuma yake alisikia viatu vya Luzia, na nyuma ya Luzia sauti ya Hamido ikimwita Mungu. Njia ile alikuwa ameivuka maelfu ya mara akiwa na kikombe mkononi, akitembea polepole kisimwagike, na haijawahi kuwa pana vile.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kizingiti kikombe kilikuwa kimelala ubavu, kitupu. Ndani ukili ulichakacha, fimbo ikagonga sakafu, na Bi Zuleica akatokea mlangoni, anajifuta ulimi kwa pembe ya mtandio, amekunja uso.

— Nimeionja kwa ncha ya ulimi tu ikaniwasha kama pilipili, nimeimwaga mchangani. Kama kahawa imekwisha, mwanangu, si ungesema tu?